Ushuru wa Usiku: Gesti za Pasiansi na Wanawake Wanaokimbia Vipigo

Ushuru wa malazi ya muda mfupi ni tozo inayokatwa katika bei ya chumba cha kulala, iwe katika hoteli, loji au gesti ya mtaani. Nchini Tanzania tozo hiyo hukusanywa na halmashauri, ambazo mapato yao yanasimamiwa na Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, Sura ya 290. Kiwango kilichozoeleka ni asilimia 10 ya bei ya chumba. Anayelipa ni mgeni. Anayewajibika kuikusanya na kuiwasilisha ni mwenye nyumba.

Aliyebuni ushuru huu alimfikiria msafiri, mtu mwenye kwake ambaye amelala ugenini kwa biashara, kwa mkutano au kwa matembezi. Msafiri hutumia barabara, taa na usafi wa mji ambao kwa kawaida hauchangii, hivyo ni haki aache kitu. Lakini katika vyumba hivyo hivyo hulala pia mtu ambaye sheria haikumwona: mwanamke aliyetoka nyumbani usiku na mtoto mgongoni kwa sababu nyumbani hapakaliki. Anatafuta mlango wenye kitasa na funguo, basi. Naye hutozwa sawasawa na msafiri, kwa kila usiku anaolala.

Pasiansi na vitanda vyake

Pasiansi ni kata ya Manispaa ya Ilemela, jijini Mwanza, kando ya barabara inayotoka mjini kupita Kirumba kuelekea uwanja wa ndege. Wengi nchini wanaijua kwa Taasisi ya Mafunzo ya Uhifadhi wa Wanyamapori, iliyoanzishwa mwaka 1966. Ilemela yenyewe ilipata halmashauri yake mwaka 2012 ilipotengwa na Jiji la Mwanza, na tangu hapo ina wajibu wa kujitafutia mapato ya ndani.

Barabara ya uwanja wa ndege, soko la samaki na dagaa la mwalo wa Kirumba, pamoja na watu wanaoingia kutoka visiwani na mikoa jirani, vimeifanya sehemu hii ya mji kuwa na wageni mwaka mzima. Wanaowapokea ni wenye hoteli, loji na gesti za vyumba vichache zilizo ndani ya mitaa. Hizi za mwisho ndizo zinazohusika zaidi na habari hii, kwa kuwa ndizo ambazo mtu mwenye fedha kidogo anaweza kuzifikia kwa miguu au kwa bodaboda.

Gesti ndogo haikutani na kodi zote ambazo hoteli kubwa inakutana nazo. Kodi ya Ongezeko la Thamani, asilimia 18 Tanzania Bara, humbana mfanyabiashara ambaye mauzo yake kwa mwaka yanafikia shilingi milioni 200, kiwango kilichopandishwa kutoka milioni 100 mwaka 2023. Gesti ya vyumba kumi vya shilingi 15,000, hata ikijaa kila siku ya mwaka, haivuki shilingi milioni 55. Kwa gesti kama hiyo, tozo inayogusa kitanda moja kwa moja ni ushuru wa halmashauri.

Hesabu ya ushuru huo huanzia kwenye daftari la wageni. Daftari hukaa mezani mapokezi, na kwa kawaida lina safu za jina, kabila, kazi, mahali mgeni anakotoka, anakokwenda, namba ya kitambulisho, namba ya chumba na sahihi. Ofisa mapato akifika huangalia ni vyumba vingapi vililaliwa na watu, akakokotoa kinachodaiwa. Daftari hilo hilo ndilo polisi hulikagua wanapomtafuta mhalifu. Kwa mwenye gesti, kuruka jina ni kujitafutia kesi ya kukwepa ushuru na lawama ya kuficha watu.

Kwa nini aliyepigwa huishia gesti

Mwanza ina historia ndefu ya kuutazama ukatili wa nyumbani bila kufumba macho. Shirika la Kivulini, lililoanzishwa mwaka 1999, lilijenga kazi yake juu ya mazungumzo ya mtaani: majirani, viongozi wa mitaa, wanaume na wanawake pamoja. Miaka ya karibuni Mwanza imekuwa pia kituo cha utafiti mkubwa uitwao MAISHA, ulioendeshwa na Kitengo cha Majaribio ya Afya cha Mwanza pamoja na chuo cha tiba cha London, miongoni mwa wanawake waliojiunga na vikundi vya mikopo. Matokeo ya awali yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kuwa asilimia 61 ya wanawake waliohojiwa waliwahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono na wenzi wao, na asilimia 27 walifanyiwa hivyo ndani ya miezi 12 iliyotangulia. Wanane kati ya kila kumi waliwahi kuishi na mwenzi mwenye kuwabana: anayewakataza kuona ndugu, anayetaka kujua waliko kila saa.

Takwimu za kitaifa ziko chini kidogo lakini hazifariji. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 40 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kuumizwa kimwili tangu walipofika miaka 15. Ule wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 27. Kushuka huko ni habari njema. Hata hivyo, zaidi ya mwanamke mmoja kati ya wanne bado ni umma mkubwa wa watu. Wapo pia wanaume wanaoumizwa na wake zao, na wafanyakazi wa nyumbani wanaoumizwa na waajiri. Nao wakitoka usiku hukutana na mlango ule ule wa gesti.

Kimbilio la kwanza la mwanamke aliyepigwa huwa ni ndugu. Husemwa amerudi kwao, na wazee huketi kusuluhisha. Njia hiyo imewaokoa wengi, lakini ina mipaka yake. Kwao kunaweza kuwa mbali, Geita, au Ukerewe ambako usiku hakuna chombo cha kuvuka. Mume anajua njia ya ukweni, na huko ndiko atakakokwenda kwanza. Kisha kuna mahari. Katika jamii za kanda ya ziwa ambako mahari hutolewa kwa ng'ombe, ndoa ikivunjika huzuka swali la kurudisha mifugo ambayo pengine imekwisha kutumika kumwoza kaka. Familia yenye deni hilo hupata kila sababu ya kumwambia binti yao avumilie.

Kimbilio la pili ni nyumba salama. Kanda ya ziwa inazo zenye jina, kama zile za Mugumu na Butiama mkoani Mara zinazowapokea wasichana wanaokimbia ukeketaji, na mjini Mwanza shirika la WoteSawa limekuwa likiwahifadhi watoto wafanyakazi wa nyumbani walioteswa. Kila moja imeanzishwa kwa kundi lake na ina vitanda vya kuhesabika. Mke mwenye watoto watatu, mmoja wao kijana wa kiume wa miaka 14, si rahisi kupata nafasi katika nyumba iliyojengwa kwa ajili ya wasichana.

Kimbilio la tatu ni kupanga chumba, na hapo kuna ukuta wa fedha. Wenye nyumba mjini hudai kodi ya pango ya miezi mitatu, sita au hata mwaka kwa mkupuo, na dalali huchukua ujira wake, mara nyingi sawa na kodi ya mwezi mmoja. Aliyetoka na khanga na simu hana fedha hizo. Kinachobaki ni gesti, ambayo haimtaki mtu alipie miezi mbele. Inataka fedha ya usiku wa leo tu.

Hesabu ya usiku saba

Uzito wa ushuru unaonekana vizuri katika mfano. Chukua chumba cha shilingi 15,000 kwa usiku, ushuru ukiwa ndani ya bei. Asilimia 10 ni shilingi 1,500. Kwa usiku saba mgeni atatoa shilingi 105,000, na kati ya hizo 10,500 ni za halmashauri. Amri ya Mshahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha shilingi 150,000 kwa mwezi katika sekta ya biashara na viwanda. Kwa mtu wa kima hicho, wiki moja ya gesti inameza asilimia 70 ya mshahara, na ushuru peke yake unakaribia ujira wa siku mbili za kazi. Wanaofanya vibarua vya kuanika dagaa au kuuza mboga hawana hata uhakika wa kiasi hicho.

Wiki zikisonga, hesabu inazidi kuwa mbaya. Usiku 30 katika chumba hicho ni shilingi 450,000, na ushuru wake ni 45,000. Ikiwa chumba cha kupanga cha mtaa wa pili ni shilingi 40,000 kwa mwezi, basi ushuru wa gesti kwa mwezi umezidi kodi nzima ya chumba. Mwenye fedha ya kutanguliza angelipa 160,000, yaani miezi mitatu pamoja na dalali, na angekuwa na makazi ya robo mwaka. Asiyekuwa nayo analipa karibu mara tatu ya hizo kwa mwezi mmoja na anabaki hana kwake.

Sheria ya kodi inaupanua mwanya huo. Upangaji wa nyumba ya kuishi kwa muda mrefu umesamehewa Kodi ya Ongezeko la Thamani, kwa sababu makazi ni hitaji la msingi la binadamu. Malazi ya usiku kwa usiku huhesabiwa kuwa biashara, hivyo loji iliyosajiliwa hutoza kodi hiyo. Msingi wa tofauti hii ni urefu wa ukaaji, si sababu yake. Mtu anayeishi gesti kwa kukosa pengine pa kuishi anatendewa kama mtu aliyekuja kutazama ziwa.

Nani hasa anaubeba mzigo

Kisheria mwenye gesti ndiye anayepeleka fedha halmashauri. Kiuchumi, mzigo wa kodi humwelemea yule asiyeweza kukwepa. Mfanyabiashara wa Shinyanga akiona vyumba vya Mwanza vimepanda anaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, kulala kwa rafiki au kusubiri wiki ijayo. Mtalii anaweza kuchagua mji mwingine. Mwanamke aliyetoka saa tano usiku hawezi kuahirisha wala kulinganisha bei za gesti tano, na akirudi alikotoka anaweza kupoteza uhai. Mwenye gesti akipandisha bei ili kufidia ushuru, huyu atalipa alichoambiwa hadi fedha itakapokwisha.

Fedha ikiisha, njia iliyo wazi ni kurudi. Sababu za wanawake kurudi kwa wanaowapiga ni nyingi: watoto, mapenzi, aibu, vitisho, ahadi za kubadilika. Kukosa pa kulala ni mojawapo, na ndiyo ambayo serikali inaweza kuigusa kwa haraka. Shilingi 1,500 kwa usiku haionekani kitu katika bajeti ya manispaa. Kwa mtu mwenye shilingi 90,000 mkononi, ndiyo tofauti ya kumaliza usiku sita akiwa mikono mitupu au kuumaliza akiwa amebakiwa na nauli ya kwenda kituoni.

Mbali na fedha, ushuru una mzigo mwingine unaopita katika daftari. Anayekimbia huulizwa jina, anakotoka na namba ya kitambulisho. Mara nyingi kitambulisho cha taifa kimebaki kabatini kwa mume, na gesti inayofuata utaratibu inaweza kumkataa. Akipokewa, jina lake linakaa mezani ambapo mtu yeyote mwenye kujuana na mhudumu anaweza kulisoma. Mume ambaye amezoea kufuatilia nyendo za mkewe anajua kwamba Pasiansi ina gesti za kuhesabika na kwamba kila moja ina kitabu. Kumbukumbu iliyowekwa kwa ajili ya mapato na usalama wa wote inageuka ramani mkononi mwa mtu mmoja.

Sheria inasema nani aondoke

Swali la malazi lisingekuwa zito hivi kama anayepiga ndiye angetoka nyumbani. Tanzania ilikuwa mapema kutamka kanuni: kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Kifungu cha 59 kinalinda nyumba ya ndoa isiuzwe wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi. Sheria ya Kanuni ya Adhabu inaadhibu shambulio na kudhuru mwili. Hata hivyo, nchi haina sheria mahususi ya ukatili wa nyumbani inayompa hakimu amri ya haraka ya kumtoa mkosaji na kumwacha aliyeumizwa ndani.

Majirani wamechukua njia hiyo. Uganda ilitunga Sheria ya Ukatili wa Nyumbani mwaka 2010, na Kenya ikatunga Sheria ya Kinga Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani mwaka 2015. Zote mbili zinaruhusu amri ya ulinzi kutoka mahakamani, ikiwemo ya muda kabla kesi haijasikilizwa kwa ukamilifu, na mahakama inaweza kumzuia mkosaji kuingia katika nyumba wanayoishi pamoja. Amri kama hiyo ikitolewa na kutekelezwa, gharama ya gesti humhamia aliyesababisha kukimbia.

Nchini Tanzania ngazi zilizopo ni nyingine. Jeshi la Polisi lina Madawati ya Jinsia na Watoto, ambako mlalamikaji husikilizwa faragha na kupewa fomu ya PF3 kwa ajili ya matibabu na ushahidi. Hospitali kadhaa zina vituo vya mkono kwa mkono vinavyomkutanisha daktari, polisi na ofisa ustawi wa jamii chini ya paa moja. Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, MTAKUWWA, ulianza mwaka 2017/18 na kuunda kamati hadi ngazi ya kata na mtaa. Awamu ya pili ilizinduliwa mwaka 2024. Msururu huu una nguvu mchana. Usiku, baada ya PF3 kujazwa na jeraha kushonwa, huja swali ambalo fomu haina nafasi ya kulijibu: mama na watoto watalala wapi leo?

Walivyofanya wengine

Nchi zilizotunga ushuru wa malazi karibuni zimelazimika kulijibu swali hilo katika sheria zenyewe. Scotland ilipitisha Sheria ya Ushuru wa Wageni mwaka 2024, na Edinburgh iliamua kutoza asilimia 5 kuanzia Julai 2026. Wabunge walipoijadili, waliwatenga watu wasio na makazi, wakimbizi na waliotoroka ukatili wa nyumbani, kwa hoja kwamba hawa si wageni. Wales, katika sheria yake ya mwaka 2025 inayoruhusu tozo ya pauni 1.30 kwa mtu kwa usiku, iliacha nje malazi ya dharura yanayopangwa na halmashauri na ukaaji unaozidi usiku 31.

Marekani ina mazoea ya zamani ya kutumia muda kama kipimo. Texas hutoza asilimia 6 ya jimbo kwa vyumba vya hoteli, lakini anayekaa siku 30 mfululizo husamehewa kwa kuhesabiwa mkazi. Miji mingi ya California nayo hutumia siku 30. Kipimo hicho ni chepesi kukisimamia, lakini humkosa aliye katika hatari kubwa zaidi, kwa sababu siku zake ngumu ni zile za mwanzo. Kufikia siku ya 30 ama amepata pengine, ama fedha imemwishia.

Jimbo la Victoria, Australia, lilipita njia ya kuyaelekeza mapato. Tangu 1 Januari 2025 linatoza asilimia 7.5 kwa nyumba zinazokodishwa kwa muda usiofika siku 28, hoteli za kawaida zikiwa nje, na fedha hizo zinapelekwa kwenye wakala wa serikali unaojenga makazi ya watu wenye kipato kidogo. Ufaransa ilitumia hoteli zenyewe: wakati wa karantini ya mwaka 2020, serikali yake ilitangaza kulipia hadi usiku 20,000 wa hoteli kwa waathirika wa ukatili wa nyumbani.

Afrika Mashariki si ngeni kwa wazo la kuutengea ushuru wa malazi kazi maalumu. Kenya hutoza asilimia 2 kwa hoteli na migahawa, na kwa miongo mingi fedha hizo zimesaidia mafunzo ya wahudumu, kikiwemo Chuo cha Utalii cha Kenya jijini Nairobi. Kitanda cha hoteli kinaweza kusomesha mpishi, na kwa utaratibu huo huo kinaweza pia kumlaza mama aliyepigwa.

Linalowezekana Ilemela

Ushuru wa gesti hutekelezwa kwa sheria ndogo zinazojadiliwa na baraza la madiwani na kuidhinishwa na waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa. Kwa hiyo halmashauri ina mahali pa kuanzia bila kusubiri bunge.

Hatua ya kwanza ni msamaha usiomlazimisha aliyeumizwa kusimulia masaibu yake mapokezini. Dawati la Jinsia, kituo cha mkono kwa mkono au ofisa ustawi wa jamii anaweza kutoa hati yenye namba bila jina. Gesti ikaandika namba hiyo katika daftari, na ofisa mapato akiifikia akaruka mstari huo katika hesabu yake. Jina halisi likabaki katika jalada la ofisi iliyotoa hati. Hapo matatizo mawili yanatatuliwa kwa karatasi moja: ushuru haukatwi, na daftari haliwi ramani. Kitambulisho kilichobaki nyumbani nacho hakiwi tena kizuizi, kwa kuwa hati ya ofisi inamtambulisha mgeni.

Hatua ya pili ni halmashauri kukubaliana mapema na gesti chache zilizokaguliwa: zenye mlango imara, choo cha ndani, mlinzi wa usiku, na zisizo na baa ukumbini. Kuchagua kunahitajika, kwa sababu si kila gesti inafaa kumlaza mwanamke mwenye hofu na watoto wake. Mwenye gesti hulipwa na halmashauri mwisho wa mwezi kwa hati alizokusanya. Kwa njia hiyo ofisa ustawi aliyepigiwa simu saa sita usiku anakuwa na chumba cha kumpa mtu.

Hatua ya tatu ni fungu. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Katika kila shilingi 100 ya ushuru wa gesti, 4 zinarudi kwa wanawake kwa mlango huo, nao ni mlango mzuri. Utafiti wa MAISHA ulionyesha kuwa wanawake wa vikundi vya mikopo waliopata pia vipindi kumi vya mafunzo ya mahusiano na haki walipungukiwa na vipigo kuliko wenzao wasiopata mafunzo hayo. Lakini mkopo hupewa kikundi kilichosajiliwa kwa ajili ya mradi, na aliyekimbia jana hana kikundi wala mradi. Kwake linahitajika fungu dogo la dharura, na hakuna chanzo kinachostahili kulibeba kuliko ushuru wa vitanda.

Pingamizi zipo, na zinastahili jibu. Inahofiwa kwamba msamaha utageuzwa kichaka cha wakwepaji. Hofu hiyo ina maana pale msamaha unapotolewa na mwenye gesti mwenyewe. Hapa hati hutoka ofisi ya umma, ina namba, na inaweza kuwekewa kikomo, mathalani usiku 14, kikiongezwa kwa sababu maalumu. Inahofiwa pia kwamba mapato yatashuka. Yatashuka kwa vile vyumba vichache vilivyolaliwa na wenye hati, huku safari, mikutano na biashara vikiendelea kulipa kama kawaida. Pingamizi la tatu ndilo zito: kwamba gesti itageuzwa kisingizio cha kutojenga nyumba salama. Gesti haina mshauri nasaha, haina mwanasheria, haina anayewapeleka watoto shule. Inafaa kwa siku za mwanzo tu, na halmashauri itakayoishia hapo itakuwa imefanya kazi nusu.

Hati hizo zina faida nyingine. Zikihesabiwa kila mwezi, kamati ya MTAKUWWA ya kata itajua ni usiku ngapi watu wake walilala nje kwa kukimbia vipigo, ni wangapi walirudi, na ni wangapi walipata pa kuishi. Diwani anayeomba fedha za kujenga nyumba salama atakuwa na hesabu ya kuweka mezani badala ya hisia.

Msamaha wa ushuru unagusa sehemu moja ya kumi ya bei ya chumba. Sehemu tisa zilizobaki zinahitaji fungu la dharura, na baada yake nyumba salama zenye nafasi kwa mama na watoto wa umri wote, na juu ya hayo sheria itakayomwezesha hakimu kumtoa nyumbani anayepiga. Kati ya hayo yote, msamaha ndio mwepesi kuliko mengine: unahitaji kifungu kimoja katika sheria ndogo, kitabu cha hati chenye namba, na ofisa mapato aliyeelekezwa kuruka mstari.